Kiwanda cha nguzo kimetelekezwa, dawa imebaki ndani. Uzi wa namna ya kusafisha bila kuuana

Fundi Silinda (mwanzisha uzi)

Kamwene wakuu, poleni na baridi. Nimeona nifungue uzi maana kwenye grupu la wasapu la kijiji mambo yanakimbia kuliko akili, mtu anarusha wazo asubuhi, mchana wenzie wameshachangishana hela ya boza.

Kwa wasioijua Mafinga (mji wa Mufindi, mkoa wa Iringa), huku biashara ni miti. Mti ukinyooka vizuri unakuwa nguzo ya umeme, na nguzo lazima ipigwe dawa isiliwe na mchwa. Umeme vijijini ulivyopamba moto viwanda vya kutrit nguzo vikafunguliwa kila kona, vingine vinapiga kazi vizuri tu mpaka leo, vingine mwenye mali alikosa tenda akafunga geti akasepa. Hiki ninachokisema kimefungwa muda mrefu, mlinzi alikaa bila mshahara mpaka naye akachoka. Mwenye mali simtaji na kijiji sikitaji, modereta msinifungie.

Ndani kumebaki silinda lenyewe, lile dude refu la chuma nguzo zinapoingizwa na toroli, matenki mawili ya dawa iliyokorogwa, mapipa ya bluu mengine matupu mengine yana kitu chini, shimo la zege lenye tope, sakafu ya kuchuruzishia nguzo ambayo imepasuka majani yameota kwenye nyufa, na rundo la rijekti (nguzo zilizokataliwa) na vichwa vilivyokatwa. Nyuma ya yadi kuna mtaro unashuka mpaka bondeni kwenye vinyungu (bustani za bondeni za kiangazi) vya watu.

Sasa mpango uliopo ni huu, vijana waingie Jumamosi ya usafi, waoshe sakafu kwa maji, tope wafukie, rijekti wachome, chuma kiuzwe skrepa hela iingie mfuko wa kijiji. Mimi nilikuwa opareta wa mitambo hii kabla sijaingia kwenye kazi ya kusafisha saiti za namna hii, na ninawaambia hakuna kipengele hata kimoja hapo ambacho ni salama, na kibaya kuliko vyote ndo hicho kinachoonekana cha kistaarabu, kuosha kwa maji.

Dawa yenyewe inaitwa CCA, ni shaba, kromiamu na arseniki. Ilibuniwa 1933 na mwanasayansi wa Kihindi, Sonti Kamesam, na kusema kweli ni dawa nzuri sana kwa mti, nguzo inakaa miongo. Aina inayotumika zaidi, type C, ukipima kwa oksaidi zake ni kromiamu asilimia 47.5, shaba 18.5 na arseniki 34. Yani theluthi nzima ni sumu ileile ambayo zamani waliulia panya. Ikiwa kwenye pipa ni nzito ya rangi ya machungwa inayoelekea kahawia, ukiigusa inachoma ngozi. Ikishaingia kwenye mti kromiamu inabadilika, na hapo ndo mnaona ule ukijani.

Naendelea, subirini.

Mnyalu Asilia

Mkuu unatisha watu. Sisi tumekua tunakalia hizo nguzo, tunafunga ng'ombe kwenye hizo nguzo, babu yangu ana fensi nzima ya hizo nguzo na ana miaka 80 na ushee. Hujambo kweli?

Fundi Silinda

Sijambo mzee, na babu yako aendelee kukaa hapo hapo. Nguzo iliyotritiwa vizuri ikakauka, dawa imeshajifunga na mti, ukiigusa ukanawa mikono huna shida. Kinachotokea ni kwamba kromiamu inaposhikana na mti inaikamata na arseniki pamoja na shaba, zinakuwa haziyeyuki kirahisi. Kazi hiyo inataka muda na joto. Dar nguzo inaweza kuwa tayari ndani ya siku chache, Mafinga mwezi wa 6 na wa 7 baridi ikikaza inaweza kuchukua wiki kadhaa, na kiwanda kinachokimbizana na oda kinatoa nguzo nje bado mbichi, manyunyu yanazipiga, dawa inachuruzika chini. Ndo maana udongo wa yadi unakuwa mbaya kuliko nguzo zenyewe.

Kwa hiyo tutofautishe. Nguzo iliyosimama barabarani ni kitu kimoja, tope la chini ya tenki ambalo halijawahi kuingia kwenye mti wowote ni kitu kingine kabisa.

Mama Vinyungu

Habari zenu. Mimi swali langu ni moja tu kaka yangu, huo mtaro unaoshuka bondeni. Kwetu nasi kuna kiwanda juu (kinafanya kazi bado) na tuna vinyungu chini tunalima mahindi ya kiangazi, maboga na mboga. Maji yanapita. Kuna shida au hakuna?

Fundi Silinda

Dada umeuliza swali ambalo wengi hata wenye digrii wanalikosea, ngoja nikae nalo.

Udongo wetu wa juu, ule mwekundu, una chuma nyingi, ndo kinaupa wekundu. Arseniki na chuma zinapendana, arseniki ikidondoka pale inashikwa inabaki karibu na juu. Ndo maana ukipima yadi unaweza kukuta sehemu ya juu imechafuka vibaya halafu ukichimba zaidi hali inapungua. Kromiamu ile kali, wenyewe wanaiita kromiamu sita, haishikiki hivyo, inatembea na maji, lakini ikikutana na mboji inapoa inageuka kromiamu tatu ambayo haina makali.

Sasa bondeni mambo yanageuka. Kinyungu ni udongo mweusi, umejaa maji, hewa haiingii. Kukiwa hakuna hewa ile kutu ya chuma inayeyuka, na ikiyeyuka inamwachia mateka wake. Arseniki iliyokuja na tope la mtaro ikiwa imetulia inaanza kuingia kwenye maji. Hilo ndo lililowakuta Bangladesh kwenye visima vyao, japo kule arseniki ni ya ardhini ya asili siyo ya kiwanda. Kwa hiyo mtu akikwambia "udongo wetu mwekundu unachuja" anasema kweli kwa pale juu na anakudanganya kwa pale chini, na ukiosha yadi kwa boza unaitoa sumu mahali iliposhikwa unaipeleka mahali inapoachiliwa.

Halafu kuna hili la mbolea. Fosfeti na arseniki ni kama mapacha wanaogombea kiti kimoja kwenye udongo, ukimwaga DAP kwa wingi kwenye udongo wenye arseniki fosfeti inakaa, arseniki inasukumwa nje. Simaanishi muache DAP mashambani, naongelea kile kipande mtaro unapomwagia.

Kwako dada, omba wapime maji ya kisima na ya mtaro, na tope la pale mtaro unapoishia. Kikomo cha WHO kwa maji ya kunywa ni milligramu 0.01 ya arseniki kwa lita, na kiwango hicho huwezi kukionja wala kukinusa. Kuchemsha hakuondoi, ukichemsha sana maji yanapungua yenyewe inabaki. Vidonge vya kutibu maji ni vya vijidudu, haviigusi.

Mama Vinyungu

Uwiii. Na nani anapima?

Mkemia wa Mtaani

Naingilia kidogo. Dada, ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina kanda ya Nyanda za Juu Kusini ipo Mbeya mjini, NEMC (baraza la taifa la mazingira) nao wana kanda Mbeya. Ya maji kuna Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, makao yao yako Iringa mjini kabisa, maana maji ya huku Mufindi mengi yanaangukia Ruaha Mdogo, na hayo ni maji ya bonde lao. Anzia kwa afisa mazingira wa halmashauri kwa barua, barua ipitie serikali ya kijiji iwe na muhuri. Ukienda kama mtu mmoja mwenye chupa ya maji mkononi watakuzungusha. Na chupa yenyewe usijichotee, sampo ya metali inachukuliwa kwenye chombo chao na wanaweka asidi kidogo ili metali isigande kwenye kuta za chupa, ukibeba kwenye chupa ya soda majibu hayatakuwa na maana.

Deiwaka wa Skrepa

Wakuu nyie mnaongea kemia sisi tunaongea chuma. Hilo silinda ni tani nyingi, linaoza pale. Tukikata kwa gesi tukatoa nje shida iko wapi, moto si unaua kila kitu?

Fundi Silinda

Kamanda moto unaua vijidudu. Arseniki ni elementi, haiungui ikaisha. Ukipitisha moto wa gesi kwenye chuma chenye tope lililokauka ndani, inapanda kama moshi, na wewe uso wako uko sentimita chache kutoka hapo na barakoa ya kitambaa. Ikipoa inatua kwenye nywele, kwenye ovaroli, unaenda nayo nyumbani unambeba mtoto.

Na kuna kitu kingine ambacho watu wa skrepa hampendi kusikia. Msije mkajaribu "kusafisha" tenki kwa asidi ya betri ili chuma king'ae. Arseniki, asidi na metali kama alumini au mabati yenye zinki vikikutana vinaweza kutoa gesi inaitwa asini, inanukia kitunguu saumu kwa mbali, na inavunja damu ndani ya mwili, mtu anakojoa mkojo mwekundu baada ya masaa. Tenki lililofungwa ndo mahali pake hasa. Mtu haingii kichwa ndani ya tenki bila kipima hewa na bila mwenzie nje mwenye kamba, hata kama hakuna harufu.

Chuma chenu mtakipata, mimi siwanyimi, lakini kinaoshwa kwanza ndani kwa ndani, maji ya kuoshea yanakusanywa yanahesabiwa kama taka, kinapimwa, ndo kinakatwa. Ni hatua ya karibu na mwisho. Skrepa akitangulia anavunja mabomba, dawa iliyokuwa imefungwa inamwagika, na kazi ya kutoa lita kadhaa inageuka kazi ya kuhamisha malori ya udongo.

Binti wa Uyole

Na yale mapipa ya bluu? Maana huku Uyole sokoni yanauzwa, kila nyumba inalo la maji, na harusini ulanzi unakuja kwenye hayo hayo.

Fundi Silinda

Hapo ndo roho inaniuma. Mapipa mengi ya bluu sokoni yalibeba juisi, mafuta, sabuni, hayana neno. Tatizo huwezi kujua lipi ni lipi likishaoshwa na lebo kutolewa. La CCA ukilichungulia kwenye nyuzi za kifuniko na pale shingoni unakuta utando wa kijani au njano uliokauka, hauondoki kwa kusugua, na plastiki ya ndani imebadilika rangi. Lebo yake ina alama ya fuvu na ile ya mkono unaochomwa na kimiminika. Hilo siyo la maji, siyo la ulanzi, siyo la kuloweka mbegu, siyo la chochote. Linatobolewa, linasagwa, linaenda na taka nyingine. Kwenye hicho kiwanda nilichosema, mapipa ndo kitu cha kwanza kilichoanza kupungua mlinzi alipoondoka, na mnajua yameenda wapi.

Nikirudi kwenye mpangilio wa kazi, maana ndo lengo la uzi.

Cha kwanza hakuna kusafisha. Ni kufunga. Geti, mirunda na waya, kibao cha Kiswahili kikubwa chenye fuvu, na mtu wa kulinda anayelipwa kweli. Mtaro unazibwa kwa tuta la udongo au viroba vya mchanga juu yake ili mvua ikija isishushe kitu, na maji safi yanayotoka kilimani yanachepushwa yasipite kwenye yadi kabisa. Hiyo peke yake inapunguza madhara kuliko makoleo ya vijana wote, na haihitaji mzungu wala mashine. Ifanyike kabla ya mwezi wa 11, mvua zikishaanza mmechelewa.

Halafu unaandika kilichopo. Kila pipa, kila tenki, kimejaa kiasi gani, kinavuja wapi, picha. Nani alikuwa muuzaji wa dawa, karatasi za usalama zake ziko wapi. Hapa mtu anapima na udongo, siyo kwa kuokota udongo mahali pabaya tu, yadi inagawanywa viboksi, unachukua juu, unachukua chini zaidi, unachukua na nje ya fensi mahali unapodhani pasafi ili upate cha kulinganisha. Kuna kile kipimo cha mkononi kama bunduki ya bakodi, kinasoma metali kwenye udongo papo hapo, kinasaidia sana kujua uchimbe wapi, ila majibu ya kupeleka kwa serikali yanatoka maabara.

Ndo sasa vimiminika. Pampu ya plastiki, mapipa mapya ya plastiki, pipa linalovuja linaingizwa zima ndani ya pipa kubwa zaidi. Na hapa sikilizeni watu wa Mafinga, najua mazoea yetu, kitu kikimwagika tunakimbilia pumba za mbao kwa sababu zipo bure milima kwa milima. Dawa nzito ya CCA usiifunike na pumba! Kromiamu sita inasababisha kuungua, ikikaa na pumba kavu joto linapanda na inaweza kushika moto wenyewe usiku mmelala. Tumieni mchanga.

Mzee wa Makongolosi

Ndaga fijo fundi. Huku kwetu Chunya ni yale yale ila kwa sura nyingine, tuna plant za kuchenjulia marudio (mchanga wa dhahabu uliokwisha pitishwa mara ya kwanza), mtu anapiga vati zake, yale matenki ya kulowekea mchanga kwa sayanaidi, dhahabu ikipungua anaondoka anaacha vati na bwawa na madumu ya sayanaidi. Wachimbaji wanaamini ukiiacha juani inaisha yenyewe. Ni kweli au stori za vijiweni?

Fundi Silinda

Ugonile mzee. Ya sayanaidi kuna ukweli ndani yake, ile iliyo huru kwenye maji jua na hewa vinaivunja kweli, na watu wanaiua kwa klorini au kwa njia nyingine za kiwandani. Ila ile iliyojishika na metali inakaa muda mrefu, na maji ya vati yanawekwa chokaa makusudi yawe na pH ya juu (yani mbali na asidi), kama 10 na nusu kwenda juu, sayanaidi isitoke kama gesi. Mtu akimwaga kitu cha asidi kwenye vati iliyotelekezwa amejitengenezea gesi ya kuua hapo hapo. Zebaki nayo haiishi.

Ila umenigusia kitu cha msingi. Sayanaidi ni molekuli, inavunjwa inakuwa kitu kingine kisicho na madhara. Kreosoti, ile dawa nyeusi ya nguzo inayonuka lami, nayo inaweza kuunguzwa kwenye tanuri la joto kali sana ikaisha. Arseniki huna pa kuivunjia. Kusafisha arseniki maana yake ni kuihamisha kutoka mahali inapokutana na watu kwenda mahali isipokutana nao, na kuifunga isiyeyuke. Basi. Yeyote anayekuja kijijini na maneno ya "tutaiteketeza" muulizeni majivu anayapeleka wapi.

Mkemia wa Mtaani

Naunga mkono. Mnakumbuka Bhopal India, kiwanda kilivuja 1984, taka zilizobaki mle ndani tani 337 zimekuja kuondolewa Januari 2025, miaka 40, na zilipofika mji wa Pithampur kwenye tanuri watu wa kule wakaandamana hawazitaki. Na sisi tuna ya kwetu, Vikuge kule Kibaha, viuatilifu vya msaada kutoka Ugiriki vililetwa miaka ya 80, vikahifadhiwa kwenye banda, banda likaanguka, udongo ukala DDT. Watafiti wamepima pale mpaka wamechoka. Kitu kikishaingia ardhini gharama zake haziko tena kwenye hesabu ya mtu wa kawaida.

Mnyalu Asilia

Sawa nimeelewa, nimepunguza ubishi. Ila huo udongo sasa, unaupeleka wapi? Maana huku hatuna dampo la hivyo.

Fundi Silinda

Swali zuri mzee. Ule mbaya sana, chini ya silinda, chini ya matenki, kando ya sakafu na kichwani mwa mtaro, unachimbwa. Siyo yadi nzima, mara nyingi sumu nyingi iko kwenye eneo dogo, ndo maana kupima kwanza kunaokoa hela. Unachimbwa kiangazi lakini ukiwa na unyevu kidogo, unarushiwa maji ya kunyunyiza tu vumbi lisipae, wachimbaji wana glavu ndefu za mpira, buti, barakoa yenye filta halisi, nguo zinabaki saiti hazitoki, hakuna kuvuta sigara wala kula andazi ndani ya fensi.

Halafu unatibiwa. Unachanganywa na feras salfeti, chumvi ya chuma ya bei nafuu tu, inafanya kazi mbili kwa mpigo, inaipoza kromiamu sita kuwa tatu, na chuma chake kinaikamata arseniki. Baada ya hapo inaongezwa saruji inakuwa gumu. Unapima tena, unalitwanga gumu lile unaliloweka kwenye maji yenye asidi kidogo uone linaachia kiasi gani, Marekani kikomo chao kwenye kipimo hicho ni milligramu 5 kwa lita kwa arseniki na 5 kwa kromiamu. Ikipita, inakwenda kwenye shimo lililotandikwa plastiki nzito chini na juu, mahali pa juu pasipo na maji karibu, limeandikishwa ramani, au inachukuliwa na kampuni yenye kibali cha taka hatarishi. Kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za taka hatarishi za 2021, kukusanya, kusafirisha na kutunza kila kimoja kina kibali chake. Fuso la kubebea viazi halibebi hiyo kitu.

Anayefukia tope bichi kwenye shimo la takataka za kawaida hajasafisha, amewaachia wajukuu.

Binti wa Uyole

Nilisoma mahali kuna mmea unakula arseniki, tusipande huo tu yakaisha?

Fundi Silinda

Upo kweli, ni kangaga, Pteris vittata. Waligundua 2001 na kinachochekesha waliukuta Florida kwenye eneo la kiwanda cha kutrit mbao kilichotelekezwa, umeota wenyewe umejaa arseniki kwenye majani. Unafaa kwa ardhi iliyochafuka kidogo na ambayo hamna haraka nayo, kwa miaka mingi, na kila mkivuna majani hayo ni taka hatarishi, mbuzi akiingia akala mmepata kesi nyingine. Kwa pale chini ya silinda sahau.

Deiwaka wa Skrepa

Kuna transfoma pia pale nyuma ya ofisi. Ile je?

Fundi Silinda

Msiiguse. Transfoma za zamani zinaweza kuwa na mafuta yenye PCB, kemikali ya sumu isiyoisha upesi, na Mkataba wa Stockholm, ule wa kimataifa wa sumu za namna hiyo, ulitaka vifaa vyenye hayo mafuta viondolewe kwenye matumizi ifikapo 2025 na taka zake ziwe zimeshughulikiwa 2028. Tunajua mafuta ya transfoma yanaibwa yanauzwa, wengine wanapaka vidonda. Inapimwa kwanza, ikikutwa safi mtaambiwa.

Mnyalu Asilia

Na nani analipa hayo yote? Kijiji hakina hata hela ya madawati.

Mkemia wa Mtaani

Sheria yetu inasema mchafuzi analipa. NEMC wanaweza kumpa mtu amri ya kurejesha mazingira. Shida mchafuzi kasepa. Fanyeni sachi BRELA (wanaosajili kampuni) mjue kampuni ilisajiliwa kwa majina gani, na halmashauri ya kijiji itoe muhtasari wa nani alipewa ardhi na kwa masharti gani. Mara nyingi tathmini ya mazingira ya mwanzo ilikuwa na sura nzima ya namna ya kufunga mradi, imeandikwa vizuri, hakuna aliyeisoma. Ombeni nakala. Ukiwa na hiyo karatasi barua yako inasomeka tofauti kabisa na malalamiko ya wasapu.

Fundi Silinda

Hilo la sura ya kufunga mradi wengi hawalijui, shukrani mkuu. Na nyie mnaokodisha ardhi kwa viwanda vipya leo, dai hilo liwe kwenye mkataba mapema, hela ya kufungia iwekwe pembeni wakati mtu bado ana tenda, siyo akishafilisika.

Mrejesho: Jumamosi ya usafi imeahirishwa. Afisa mazingira amekuja na mwenyekiti, wameona, geti limechomelewa, tuta kwenye mtaro limewekwa, barua imekwenda Mbeya. Kwenye yadi hakuna anayeingia mpaka wapimaji waje.

Mama Vinyungu

Afadhali. Kaka swali la mwisho, sisi wamama tulishabeba vile vichwa vya nguzo kitambo, wengine wamepikia, na kuna jirani ana kitimoto choma anachomea hivyo hivyo. Tufanyeje?

Fundi Silinda

Kwanza acheni leo leo, na huyo wa kitimoto mwambieni kwa upole kabla wateja hawajasoma huu uzi. Kuni za slabu kutoka kwenye viwanda vya kupasua mbao hazina dawa, hizo endeleeni. Hatari ni vichwa na rijekti za nguzo, vina ukijani kwenye duara la nje ukikata, katikati mti wa kawaida. Marekani jimbo la Wisconsin miaka ya 80 familia moja ilikuwa inaota moto wa mbao za CCA kila baridi, wakaugua wote, nywele zikadondoka, na ilikuwa ikija kiangazi wanapata nafuu, madaktari wakaandika kwenye jarida 1984.

Majivu ndo mabaya zaidi, arseniki nyingi imebaki humo. Msiyamwage bustanini, msisugulie sufuria, msiweke kwenye choo cha shimo karibu na kisima. Yanyunyizieni maji kidogo yasipeperuke, yachoteni na koleo yaingie kwenye kiroba cha plastiki viwili vimoja ndani ya kingine, fungeni, andikeni kwa maka peni. Vichwa ambavyo havijachomwa vikae sehemu kavu chini ya bati, watoto wasichezee. Mwenyekiti ana daftari la kuandikisha nani ana nini, vitabebwa pamoja na vya kiwandani. Na aliyepikia muda mrefu, akiona viganja vimekuwa vigumu vina vipunje, au ngozi ina madoa meusi na meupe, aende hospitali amwambie daktari wazi kwamba alikuwa anapikia nguzo za dawa, maana daktari asipoambiwa hilo atatibu fangasi.